Mwili na Karatasi katika Malipo ya Askari Walemavu wa Marekani

Askari arudipo vitani na jeraha, serikali iliyomtuma hubaki na deni lake. Deni la fedha huhesabiwa kwa fedha, na deni la nafaka hupimwa kwa pishi na kibaba. Lakini deni la mguu uliopooza, la pafu lililoharibika, au la usingizi uliokimbia usirudi tena, litapimwa kwa kipimo gani? Hakuna taifa lililopata kupigana vita likaepukana na swali hilo. Nchini Marekani limejibiwa kwa sheria, kwa kanuni na kwa amri za marais kwa muda wa zaidi ya miaka 160, na majibu yake ni mengi hata yamekuwa elimu nzima juu ya namna dola inavyoutazama mwili wa raia wake.

Katika elimu hiyo imo sura moja ambayo aghalabu hupitwa haraka. Ni habari ya askari aliyekwisha kupimwa na kupewa daraja yake ya ulemavu, kisha maradhi yakamzidi. Naye sasa aomba daraja ipandishwe, lakini hataki kupimwa tena na daktari wa serikali. Yaweza kudhaniwa kwamba mtu wa namna hiyo ana jambo la kuficha. Dhana hiyo si ya haki. Kipimo ni upanga wenye makali mawili: mkono unaopima ili kuongeza waweza pia kupima ukapunguza. Tena daktari humwona mgonjwa kwa saa moja ya siku moja, na maradhi mengi yana siku zake za ukali na siku zake za upole. Mwenye kuumwa mwaka mzima akipimwa katika siku ya nafuu, siku hiyo moja ndiyo itakayoandikwa, na nyingine zote zitakuwa kana kwamba hazikupata kuwako.

Hata hivyo, mtu hawezi kupandishwa daraja bila ushahidi. Mwili usipotoa ushahidi mbele ya daktari, budi karatasi itoe ushahidi mbele ya karani. Historia ya jambo hili basi ni historia ya mashahidi wawili, mwili na karatasi, na ya serikali iliyomwamini mara huyu na mara yule. Nalo funzo lake kubwa ni hili, ya kuwa mwili kila askari anao, lakini karatasi si kila askari aliyejaliwa kuwa nayo.

Mfumo wenyewe ulianza kupata sura yake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tarehe 14 Julai, 1862, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyompa askari wa kawaida aliyelemaa kabisa dola 8 kwa mwezi, na afisa wa cheo cha luteni-kanali na zaidi dola 30. Aliyelemaa kwa kiasi alipewa kwa kiasi. Kipimo cha ulemavu kilikuwa uwezo wa kufanya kazi za mikono, maana wengi wa askari wale walikuwa wakulima na vibarua. Aliyeamua kiasi alikuwa daktari. Wala kazi yake haikwisha kwa kupima mara moja, kwani sheria ya mwaka 1859 ilikwisha kuagiza kwamba wapokeaji wa pensheni ya ulemavu wapimwe upya kila baada ya miaka miwili. Kila miaka miwili, kwa hiyo, askari mlemavu aliupeleka mwili wake mbele ya hakimu, bila kujua kama atarudi na pensheni ile ile au na pungufu yake.

Walikuwako, hata hivyo, walemavu ambao daktari hakuwa na la kuamua juu yao. Sheria ya mwaka 1864 ilitamka ya kuwa aliyepoteza mikono yote miwili au macho yote mawili alipwe dola 25 kwa mwezi, na aliyepoteza miguu yote miwili alipwe dola 20. Mwaka 1866 aliyepoteza mkono mmoja au mguu mmoja akapewa dola 15, na mwaka 1872 zikawa 18. Hapa Bunge lenyewe ndilo lililopima. Mkono uliokatwa hauhitaji kuelezwa, na mahali ulipokuwa panasema peke yake. Kiasi kilipopandishwa kwa sheria, mwenye mkono mmoja hakuwa na haja ya kubishana na mtu yeyote kama kilema chake kimezidi au hakikuzidi.

Mwenye maradhi ya ndani hakuwa na bahati hiyo. Majeshi ya zama zile yaliteketezwa na maradhi kuliko risasi, na maelfu walirudi makwao na tumbo la kuhara lisilopona, baridi yabisi, homa za vipindi na moyo dhaifu. Hayo yote hayaonekani kwa macho. Wenye vilema hivyo walipelekwa mbele ya madaktari, na tangu mwaka 1882 mbele ya mabaraza ya madaktari watatu watatu. Madaktari walimvua mgonjwa nguo, wakampapasa, wakasikiliza kifua chake, kisha wakajaza hati iliyochapwa picha ya mwili wa binadamu, mbele na nyuma, ili alama za majeraha zitiwe mahali pake. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na thamani ya dola 18, wakazoea kupima vilema vingine kwa mafungu ya 18: huyu 6 juu ya 18, yule 10 juu ya 18. Kwa namna hiyo moyo mgonjwa ulipimwa kwa kulinganishwa na mkono usiokuwako.

Tofauti kati ya kilema kinachoonekana na kisichoonekana ilitiwa katika sheria waziwazi. Ilielezwa kwamba nyongeza ya pensheni haitaanza kulipwa kabla ya tarehe ya hati ya daktari aliyempima mwombaji kwa ajili ya ombi lile. Ila wenye vilema maalumu vya kudumu, kama vile viungo vilivyokatwa, hawakufungwa na sharti hilo. Askari ambaye moyo wake ulikuwa umeharibika kwa miaka mitano kabla ya kupimwa alihesabiwa kwamba umeharibika siku ile daktari alipochovya kalamu yake katika wino. Miaka mitano ilikwenda bure. Hapa mtu aweza kuona asili ya shauku ya kutaka nyongeza bila kipimo kipya. Kipimo hakikuwa njia ya kuijua haki tu, bali kilikuwa mlango ambao haki haikuanza kutembea mpaka umefunguliwa.

Mwaka 1879 Bunge lililegeza kamba kidogo kwa kufuta upimaji wa kila miaka miwili. Askari aliyeridhika na daraja yake akaachwa akae nayo kwa amani. Lakini aliyetaka zaidi alibaki chini ya sheria ya zamani, na maombi ya nyongeza yakafurika. Mawakili wa madai, ambao ada yao iliwekewa mpaka wa dola 10 kwa madai mengi, walitafuta wateja kwa wingi kwa sababu hawakuweza kupata kikubwa kwa mmoja. George E. Lemon, wakili wa Washington, alianzisha mwaka 1877 gazeti la National Tribune, lililosomwa na askari wa zamani na kuwahimiza wadai haki zao. Kazi ilizidi hata serikali ikajenga jumba kubwa la matofali kwa ajili ya Ofisi ya Pensheni. Lilijengwa tangu 1882 hadi 1887 chini ya Jenerali Montgomery Meigs, na ukuta wake ulizungushiwa mchoro wa udongo wa kuchoma unaoonyesha askari wakienda vitani. Nje ya jumba palikuwa na miili ya udongo. Ndani palikuwa na karatasi.

Katika jumba hilo ndimo lilimotokea jaribio la kwanza kubwa la kupandisha madaraja kwa nguvu ya kalamu. Machi 1889 Rais Benjamin Harrison alimweka James Tanner kuwa Kamishna wa Pensheni. Tanner hakuwa mgeni wa ulemavu. Alipokuwa koplo kijana katika pigano la pili la Bull Run, Agosti 1862, alijeruhiwa akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Baadaye alijifunza hati mkato, na usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili, 1865, ndiye aliyeandika maneno ya mashahidi katika nyumba ya Petersen wakati Lincoln alipokuwa akikata roho. Mtu huyu aliyeufahamu uzito wa karatasi na uzito wa jeraha kwa pamoja aliona kwamba ofisi yake yapaswa kutoa kwa ukarimu. Wapokeaji wengi wa pensheni wakapandishwa daraja. Ikasikika kwamba miongoni mwao wamo ambao hawakuomba, kwamba wengine walilipwa malimbikizo ya miaka ya nyuma, na kwamba watumishi wa Ofisi ya Pensheni yenyewe wamo katika hesabu. Waziri wa Mambo ya Ndani, John W. Noble, aliamrisha uchunguzi, na mwezi Septemba wa mwaka ule ule Tanner akaondoka. Hakutimiza miezi saba.

Kosa la Tanner si huruma yake. Huruma yake ilikuwa na sababu, na wengi wa waliofaidika walikuwa wagonjwa kweli. Kosa lilikuwa kwamba kalamu ilipoachiliwa itembee bila mwili na bila utaratibu, iliwafikia kwanza wale waliokuwa karibu na kalamu. Askari wa shamba la mbali, asiyejua hata jina la mlango wa kubisha, hakuongezewa chochote na ukarimu ule. Tangu hapo kila aliyependekeza nyongeza bila kipimo alilazimika kujibu swali lililoachwa na mwaka 1889: itakuwa nafuu ya wote, au ya wenye jamaa ofisini?

Jibu moja lilikuwa kutafuta shahidi ambaye hawezi kupendelea mtu. Shahidi huyo akaonekana kuwa ni umri. Sheria ya tarehe 27 Juni, 1890, ilikwisha kuwapa pensheni ya dola 6 hadi 12 kwa mwezi askari waliotumika angalau siku 90 na ambao hawawezi kazi za mikono, hata kama ulemavu wao haukutoka vitani, mradi haukuletwa na mwenendo wao mbaya. Ikawa gharama kubwa. Kufikia mwaka 1893 wapokeaji wa pensheni walikaribia 1,000,000, na malipo yao yalichukua karibu sehemu mbili kati ya tano za matumizi ya serikali ya shirikisho. Mabaraza ya madaktari yalikuwa yakiwapima wazee ambao kila mtu mwenye macho aliwaona kuwa wamechoka. Ndipo Machi 1904, katika utawala wa Rais Theodore Roosevelt, ilipotolewa amri ya kwamba umri wenyewe ni ulemavu. Mwenye miaka 62 ahesabiwe amelemaa nusu, mwenye 65 theluthi mbili, mwenye 68 sehemu tano za sita, na mwenye 70 amelemaa kabisa. Malipo yao yakawa dola 6, 8, 10 na 12. Wapinzani walilalamika kwamba Rais amejitwalia kazi ya Bunge. Bunge nalo, badala ya kuifuta, likaifuata: sheria ya tarehe 6 Februari, 1907, ikatoa dola 12 kwa mwenye miaka 62, dola 15 kwa mwenye 70, na dola 20 kwa mwenye 75.

Yaonekana kwamba tatizo lilikuwa limetatuliwa. Mzee hakuvuliwa tena nguo mbele ya madaktari watatu. Daraja yake ilipanda yenyewe kama jua linavyopanda, kwa kuongezeka miaka tu, wala hapakuwa na kipimo kilichoweza kumshusha, kwa sababu hakuna mtu arudiye ujanani. Lakini umri nao wahitaji kuthibitishwa, na hapa ndipo karatasi ilipoonyesha ukali wake.

Katika jeshi la serikali ya Muungano walikuwamo askari weusi wapatao 179,000, na wengi wao walizaliwa utumwani. Mtumwa hakuandikiwa cheti cha kuzaliwa. Pengine jina lake lilikuwa katika hesabu za mali za bwana wake, pamoja na ng'ombe na majembe. Pengine halikuandikwa popote. Mama alikumbuka kwamba mtoto alizaliwa wakati wa mavuno fulani, na mama huyo huenda aliuzwa mbali kabla mtoto hajajua kuuliza. Alipojiandikisha jeshini, umri wake ulikadiriwa na karani aliyemtazama uso. Basi mzee wa namna hii alipoulizwa miaka ya 1900 na kitu alizaliwa lini, hakuwa na la kuonyesha ila nafsi yake. Ofisi ilimrejesha kwenye ule umri uliokisiwa na karani, au iliwatuma wachunguzi kuwauliza wenziwe wa kikosi na hata jamaa za waliokuwa mabwana wake. Mtu aliyepigania uhuru alihitaji ushahidi wa nyumba iliyomfunga ili athibitishe kwamba amezeeka.

Kadhalika chini ya sheria zilizotangulia, askari weusi walikubaliwa madai yao kwa uchache kuliko askari weupe. Jambo hilo limethibitishwa na wanahistoria waliopekua majalada ya pensheni ya wakati ule. Sababu zake zilikuwa nyingi: dharau ya madaktari, umaskini wa kulipa mawakili na mashahidi, kutojua kusoma na kuandika, na majina yaliyobadilika baada ya ukombozi. Lakini sheria ya umri yafundisha zaidi, kwa sababu haikuwa na neno la ubaguzi ndani yake hata moja. Iliwasamehe wote kupimwa. Ila msamaha ulimwendea upesi mwenye Biblia ya ukoo iliyoandikwa tarehe za wana wake, na ulimchelewea yule ambaye ukoo wake ulivunjwa kwa mnada.

Vita kuu ya kwanza ilirudisha mwili mbele ya daktari, kwa lugha mpya. Sheria ya Oktoba 1917 iliagiza kwamba malipo yafuate asilimia za kupungukiwa na uwezo wa kujipatia riziki katika kazi za kiraia, nazo zikadiriwe kwa wastani wa watu, si kwa hali ya mtu mmoja mmoja. Jedwali la kwanza la madaraja lilitolewa mwaka 1921, lingine 1925, lingine 1933. Na lile la 1945, lililoanza kutumika Aprili 1946, ndilo msingi wa jedwali linalotumika mpaka leo, ijapokuwa limerekebishwa mara nyingi. Madaraja huanzia 0 na kupanda kwa kumi kumi hadi asilimia 100. Fundi na mwalimu waliopoteza goti moja hupewa asilimia moja, hata kama fundi amepoteza kazi na mwalimu hakupoteza. Ni hukumu isiyomjua mtu kwa jina, nayo ina ubaya wake na uzuri wake: haimwonei huruma mmoja, wala haimpendelei mmoja.

Mizani ya mashahidi ikaendelea kupanda na kushuka. Mwezi Machi 1933, taifa lilipokuwa katika dhiki kuu ya uchumi, sheria ya kubana matumizi ilimpa Rais uwezo wa kupanga upya malipo, na askari wengi walipunguziwa au kunyang'anywa. Desemba 1941, siku chache baada ya Marekani kuingia vita vya pili, Bunge lilitoa sheria ya moyo mwingine: askari aliyepigana na adui akieleza jeraha au maradhi yaliyompata vitani, maneno yake yakubaliwe hata kama hayakuandikwa katika kumbukumbu za jeshi, maadamu yanalingana na hali ya vita vyenyewe na hakuna hoja iliyo wazi ya kuyapinga. Bunge lilitambua ya kuwa mwenye kupigwa mizinga hana nafasi ya kutafuta karani.

Hekima ya sheria hiyo ilidhihirika tarehe 12 Julai, 1973. Siku hiyo moto ulizuka katika jengo la kuhifadhia kumbukumbu za watumishi wa jeshi lililoko Overland, karibu na St. Louis. Ziliteketea faili zipatazo milioni 16 hadi 18. Kati ya kumbukumbu za askari wa nchi kavu walioachishwa jeshi baina ya Novemba 1912 na Januari 1960, asilimia 80 zilipotea. Hazikuwa na nakala nyingine, wala hazikupigwa picha. Wanaume waliopigana Ufaransa, Pasifiki na Korea waliamka asubuhi wakiwa, kwa upande wa karatasi, kama wale wazee waliozaliwa utumwani: miili ipo, ushahidi haupo. Watumishi wa hifadhi wakaanza kuokota habari kutoka orodha za mishahara na vitabu vingine vya jeshi. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya mambo ya askari wa zamani ilitamka kwamba pale kumbukumbu zilipopotea mikononi mwa serikali, wajibu wa serikali wa kueleza sababu za uamuzi wake, na wa kumpa askari manufaa ya shaka, huwa mkubwa zaidi. Hukumu hiyo yastahili kukumbukwa, kwa kuwa ilikataa kumtoza askari gharama ya moto ambao hakuuwasha.

Zama za sasa zimempa mwombaji wa nyongeza njia kadhaa za kuepuka kipimo kipya. Sheria ya mwaka 1994 yaruhusu taarifa ya daktari wa binafsi ikubaliwe bila kuthibitishwa na daktari wa serikali, iwapo imekamilika kiasi cha kutosha kuamulia dai. Neno la kutazama hapo ni kuruhusu, sheria haikulazimisha. Sheria ya Novemba 2000 iliiwajibisha serikali kumsaidia mwombaji kukusanya ushahidi wake. Mwaka 2010 zilitolewa fomu za maswali ambazo daktari yeyote aliweza kuzijaza kwa mpango ule ule wa jedwali, na mwaka 2012 ukaanzishwa utaratibu wa kumwezesha mpimaji kusoma jalada, na pengine kumpigia mgonjwa simu, bila kumwita. Mwaka 2020 fomu zile ziliondolewa machoni pa umma. Bunge likaamuru zirudishwe, kwa sheria iliyotiwa sahihi Januari 2021.

Lakini karatasi haifai kwa wingi wake. Yafaa kwa kusema kile ambacho jedwali lauliza. Goti linaloweza kukunjwa mpaka nyuzi 45 tu lina asilimia 10, nyuzi 30 asilimia 20, nyuzi 15 asilimia 30. Daktari akiandika kurasa tatu za kumhurumia mgonjwa asitaje nyuzi, ameandika barua njema isiyo na daraja ndani yake, na mgonjwa ataitwa kupimwa. Kwa masikio, kanuni yataka kipimo cha sauti na cha maneno kilichofanywa na mtaalamu wa kusikia mwenye leseni. Ushuhuda wa mke kwamba mumewe haitiki akiitwa ni wa kweli, lakini hautoshi. Kwa kifafa mambo ni kinyume chake. Daktari ni nadra kuwapo mgonjwa anapoanguka, kwa hiyo kanuni yakubali ushuhuda wa watu wasio madaktari waliomwona akianguka na waliomwona baadaye, mradi maelezo yao ni thabiti. Mahali pengine basi mke hushinda daktari, na mahali pengine daktari hushinda mke. Busara ni kujua ni wapi.

Hofu ya zamani nayo haijafa. Anayeomba nyongeza akaitwa kupimwa asifike bila sababu njema, kwa miaka mingi kanuni imesema ombi lake likataliwe. Akifika, huenda ikaonekana kwamba amepata nafuu. Ili kumlinda, yamewekwa mabuwa ya aina mbili. Daraja iliyodumu miaka 5 haishushwi kwa kipimo kimoja kisicho kamili kuliko vile vilivyotangulia. Na iliyodumu miaka 20 haishushwi kabisa, ila kwa udanganyifu. Aidha, serikali yenyewe yaagizwa isimwite kwa uchunguzi wa mara kwa mara mtu ambaye kilema chake ni cha kudumu, au ambaye hakuonyesha nafuu kwa miaka 5, au, kwa kawaida, aliyepita miaka 55. Katika masharti hayo yasikika bado mwangwi wa mwaka 1879 na wa mwaka 1904.

Baada ya kuyapitia hayo yote, haielekei kusema kwamba kipimo ni kibaya na karatasi ni njema, au kinyume chake. Jalada la miaka kumi ya matibabu laweza kuyaona maradhi vizuri kuliko daktari mgeni wa saa moja, na kumlazimisha mgonjwa avue nguo ili kuthibitisha kilichokwisha kuandikwa mara kumi ni udhia usio na faida. Lakini nani mwenye jalada la miaka kumi? Ni mwenye daktari wake, mwenye nauli ya kumfikia, mwenye bima au fedha ya kumlipa, mwenye makazi yasiyohama ambamo barua hazipotei. Askari asiye na nyumba, alalaye chini ya daraja la mto, ana kilema pengine kikubwa zaidi, na ushahidi wake wote ameuvaa mwilini. Kwake yeye kipimo cha serikali, kwa ukali wake wote, ndiyo karatasi ya kwanza atakayoipata bila kuilipia.

Kwa sababu hiyo haki ya kutopimwa tena haikamiliki kwa kuruhusiwa tu. Inakamilika pale serikali inapojitwika kazi ya kuitafuta karatasi ambayo yenyewe iliiandika, iliyoipoteza, au ambayo haikujali kuiandika. Sheria ya 1864 ilifanya hivyo kwa aliyekatwa mikono yote miwili, sheria ya 1941 kwa aliyekuwa katika moshi wa vita, na hukumu ya 1991 kwa aliyeunguliwa na faili. Amri ya 1904 haikufanya hivyo kwa aliyezaliwa utumwani, na wazee wengi wa vikosi vile walizikwa kabla miaka yao haijaafikiwa.